Tope Jekundu Kwenye Mfuniko

Barua ya jeshi ilifika Jumatano asubuhi, siku ya tisa baada ya mazishi. Mama hakuwa na miwani karibu, ikabidi binti yake amsomee kwa sauti. Alisoma mpaka katikati, akanyamaza.

"Endelea," Mama alisema.

"Mama, maliza chai kwanza."

"Nimesema endelea. Aliyekufa ameshakufa, barua haiwezi kumuua tena."

Kumbe iliweza. Ilisema kwamba kifaru kilichopinduka kwenye mtaro wa kinamasi wakati wa mazoezi kilikuwa kikiendeshwa kwa kasi kubwa, kinyume cha amri. Sajini aliyekiongoza alikuwa amekaa ndani, mfuniko wa juu ukiwa umefungwa, akimwamuru dereva kwa redio apunguze mwendo. Dereva akatia pamba masikioni. Kifaru kiliacha barabara, kikalala ubavu mtaroni, kikajaa maji. Sajini alifungua mfuniko akajiokoa. Dereva na mpiga mzinga walikufa humo humo. Baraza la uchunguzi lingekaa baada ya siku kumi na mbili, na familia ikiwa na neno la kusema, ifike.

Dereva alikuwa kitindamimba wa Mama, na tangu utotoni nyumba nzima ilimwita Kitinda. Huyu aliyeisoma barua alikuwa dada yake mkubwa, aliyempita miaka kumi na mmoja, fundi wa kutengeneza meno ya bandia katika kliniki moja mjini. Watu walimwita Fundi Meno, jina ambalo mwanzoni lilimkera, baadaye akalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kilichomchubua.

Kesho yake mchana alikuja mama wa mpiga mzinga. Nyumba yake ilikuwa mitaa miwili tu kutoka hapo. Vijana wao waliandikishwa jeshini siku moja, wakasindikizwa siku moja. Naye alikuwa amepata barua. Hakubisha hodi. Alisimama getini, mtandio umemwangukia mabegani, akaita mpaka majirani wakafungua madirisha.

"Mama Kitinda! Toka unione! Mimi nilimpa mwanao chakula kwa mkono wangu huu. Mwanao amenizikia mwanangu!"

Mama alitoka mpaka mlangoni.  Fundi Meno alitaka kwenda getini, Mama akamshika kiwiko.

"Mwache aseme. Ana haki."

Tangu siku hiyo Mama hakutoka tena nje. Hakwenda sokoni, hakwenda kwenye kikundi chake cha kina mama, hata nguo alizianika ndani, kwenye migongo ya viti. Chakula alikuwa anakigusagusa kama mtu anayetafuta mchanga ndani yake. Jioni moja binti yake alimkuta amekaa sakafuni karibu na mfuko wa vitu vya Kitinda ulioletwa kutoka hospitali ya jeshi, ameviweka viatu vya marehemu mapajani.

"Asiyekuwepo na lake halipo," Mama alisema. "Watamwandika wanavyotaka. Nani atabisha? Mimi? Mimi nilikuwepo?"

 Maneno hayo yalimkaa Fundi Meno rohoni, kwa sababu lilikuwepo jambo moja analolijua kuliko watu wengi, nalo lilikuwa jambo la ajabu kwa mwanamke wa umri wake. Alijua matope ya vifaru.

Ilianza Kitinda akiwa na miaka minane. Mjomba alimletea kisanduku cha kifaru cha plastiki cha kujiungia mwenyewe, vipande mia mbili na kitu, kifaru cha kweli kikiwa kimepunguzwa mara thelathini na tano. Mtoto aliunga magurudumu manne, akachoka, akaenda kucheza mpira. Dada yake alikimalizia ili kisipotee bure. Akakipaka rangi. Akakiona kimeng'aa kama sahani mpya, hakina ukweli wowote. Hapo ndipo alipoingia shimo asilotoka tena: alianza kukichafua. Alijifunza kukwangua rangi kwa sifongo ili chuma kionekane kimechubuka, kuchuruzisha kutu kwa brashi yenye unywele mmoja, kuchanganya udongo uliochekechwa na gundi nyeupe na plasta ya meno ili upate tope linaloshika. Miaka ikapita, rafu ya chumbani kwake ikajaa vifaru kumi na saba, vyote vichafu.

Kitinda alipokuwa askari, kisha dereva wa kifaru, alikuwa akija likizo anavichukua kimoja kimoja, anavigeuza, anacheka.

"Dada, hili tope lako limepikwa. Limekaa kila mahali sawasawa kama siagi kwenye mkate. Tope la kweli halina adabu."

"Nifundishe basi, bwana mkubwa."

"Kifaru kikienda polepole, tope linabaki miguuni. Linajishindilia kwenye magurudumu na minyororo, juu hakuna kitu. Kikikimbia, linapanda kichwani kama pombe. Linaruka kutoka minyororo ya mbele, linachapa madigadi, linachapa juu, na michirizi yake yote inalala kuelekea nyuma. Ukiniletea kifaru chochote, nikakitazama tu, nakuambia kilikuwa kinakwenda vipi."

Sasa aliyeweza kutazama na kusema alikuwa ameondoka, na aliyebaki alikuwa mwanafunzi wake.

Siku ya tatu baada ya barua, Fundi Meno aliomba ruhusa kazini akaenda ofisi ya baraza. Karani, mwanamume mpole mwenye kikohozi, alimweleza kwamba familia inaruhusiwa nakala za picha zilizopigwa asubuhi ya ajali, kabla kifaru hakijavutwa. Alimtolea nakala nne kwenye mashine, nyeusi na nyeupe, zenye michirizi ya wino.

Aliziangalia akiwa amesimama barabarani, magari yakimpita. Kifaru kilikuwa kimelala ubavu wa kulia, nusu majini. Kwa kuwa kimelala, paa la kichwa chake, yaani ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, lilikuwa limemgeukia mpiga picha kama uso wa mtu. Lilikuwa limejaa madoa ya tope.  Tope limepanda juu. Lakini akajituliza: kitu chenye uzito wa tani arobaini kikianguka mtaroni, si lazima kirushe tope? Labda hayo madoa ni ya kuanguka, si ya kukimbia. Labda kilikuwa kinakwenda polepole, ukingo ukamomonyoka, kikaenda chini.

Labda hiyo aliibeba mpaka nyumbani kama mtu anayebeba yai.

"Mama," alisema, "nitakitengeneza. Nitakitengeneza kilivyokuwa, tope kwa tope, niwaonyeshe kwamba Kitinda hakukimbia."

Mama alimtazama. "Unaweza?"

"Naweza. Ila nahitaji udongo wenyewe. Uko kwenye viatu vyake."

Viatu hivyo Mama alikuwa amekataa visioshwe. Alivitoa kimoja kimoja, akakaa pale pale, akatazama binti yake akichokoa soli kwa kifaa cha kuchongea meno. Kwenye meno ya soli kulikuwa na udongo mwekundu, mgumu, uliokanyagwa barabarani. Kwenye kamba na matundu ya kamba kulikuwa na tope jingine, jeusi, laini kama masizi. Hilo lilikuwa la mtaroni. Fundi Meno alilitia kila moja kwenye kikopo chake. 

"Mwambie Mungu wako akusaidie," Mama alisema, "maana mimi na wangu hatuongei."

Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alikula sahani nzima.

Kliniki ilikuwa na chumba cha nyuma: meza ndefu, taa ya mkono, mota ya kusagia, dirisha linalotazama ukuta. Kila saa ya mapumziko, na jioni baada ya daktari kuondoka, Fundi Meno alifunga mlango. Kifaru cha aina ile alikuwa nacho kwenye sanduku. Alikiunga kwa siku tatu. Akapaka rangi ya chini, kisha kijani cha jeshi, kisha akakwangua pembe. Akaliweka paa la kichwa mbele ya taa, nakala ya picha pembeni, akaanza kurusha tope jeusi. Ufundi wake ni huu: unachovya mswaki mkuukuu kwenye tope jepesi, unavuta nywele za mswaki kwa kijiti, zinaruka, zinanyunyiza. Ukishika karibu, madoa makubwa. Ukishika mbali, vumbi la matone. Unaamua upande wa kurushia, na michirizi inakutii.

Alirusha kutoka ubavu wa kulia, upande ambao mtaro ulikuwepo. Madoa yakaja mviringo. Kwenye picha hayakuwa mviringo. Yalikuwa marefu, yamelala. Nakala ni mbaya, alijiambia. Akarudi kwa karani kuomba picha zenye rangi.

Karani alikohoa, akatazama mlango, akafungua faili. "Mama, hizi za rangi huwa hazitoki. Lakini mimi pia nilikuwa na mdogo wangu. Rudisha Jumatatu."

Alizifungua kwenye chumba cha nyuma cha kliniki, amefunga mlango. Ilimtosha kutazama mara moja.

Paa zima lilikuwa jekundu. Juu ya wekundu kulikuwa na weusi wa mtaroni, umemwagika na kuchuruzika, lakini chini yake wekundu ulikuwa umechapa kutoka mbele kwenda nyuma, mchirizi juu ya mchirizi, mamia. Mtaroni hakukuwa na udongo mwekundu. Wekundu ulikuwa wa barabarani. Tope lilipanda kichwani kabla kifaru hakijafika kwenye mtaro, na halikupanda kwa mwendo wa pole.

Kitinda alikuwa amekimbia.

Fundi Meno alikaa kwenye kigoda cha wagonjwa kilichovunjika mguu, akashika kichwa. Hakulia. Alihisi kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ukuta. Siku zilikuwa zimebaki tano. Nyumbani kulikuwa na mwanamke aliyeanza kula kwa sababu ya ahadi yake, na mitaa miwili mbele kulikuwa na mwanamke mwingine ambaye, kwa kuonekana, alisema kweli getini.

Siku mbili hakugusa kitu. Alitengeneza meno ya watu, akayakosea, daktari alimrudishia seti nzima ya mzee mmoja, akamwambia, "Fundi, haya ukimvalisha mzee wa watu ataonekana anatafuna sikio lake." Wote wawili walicheka, kisha yeye akaenda kufungia kicheko chake chooni kikawa kilio.

Nyumbani Mama aliuliza, "Kimefika wapi?"

"Kinakwenda vizuri, Mama."

"Nilijua. Nilijua kabisa."

Ndipo alipoamua kudanganya. Aliamua kwa akili timamu, Ijumaa saa saba mchana. Baraza lilikuwa na watu watatu. Wangejua nini kuhusu tope? Wekundu angeufuta, angepaka weusi peke yake, angesema ni wa kuanguka. Picha za rangi zingerudi kwenye faili ambalo huenda hakuna aliyelifungua. Na kama litafunguliwa, liwalo na liwe. Kitinda alikuwa amekufa majini gizani, ameinama kwenye kiti kile kifinyu cha dereva; kumpa uongo mmoja wa kumfunika, ilikuwa ni dhambi gani?

Alikifuta kifaru kwa tapentaini, akakausha, akaanza upya kwa weusi. Lakini mikono ya fundi ina tabia zake. Hata katika kudanganya ilitaka kazi safi. Kama madoa ni ya uongo, basi angalau yakae mahali pa kweli, kila doa kwenye nafasi yake, ili mtu akilinganisha na picha asishtuke. Akachukua kioo chake cha kukuzia akaipitia picha kipande kwa kipande: ukingo wa mbele, mzizi wa mzinga, sanduku la zana, kisha mfuniko wa sajini.

Mfuniko ulikuwa wazi. Hilo lilikuwa halina ajabu. Sajini alisema aliufungua akatoka. Mfuniko wa kifaru hiki hufunguka kwa nyuma, ukasimama wima kama mgongo wa kiti, na upande wake wa ndani hutazama mbele. Upande huo wa ndani, pembeni mwake, ulikuwa na madoa mekundu.

Aliweka kioo chini. Akakichukua tena.

Kama mfuniko ulikuwa umefungwa barabarani, wekundu uliingiaje ndani yake?

Akatazama zaidi. Wekundu ulikuwa kushoto na kulia, na kidogo juu. Katikati hapakuwa na wekundu hata tone. Palikuwa na weusi tu, mwembamba, wa kuchuruzika baadaye. Na pale katikati palipokuwa safi palikuwa na umbo. Palikuwa pembamba juu, kisha pakapanuka ghafla pande zote mbili.

Ni shingo na mabega.

Hakutaka kuamini haraka. Tayari alishaamini haraka mara moja, ikamtokea puani. Alichukua nta ya waridi ya kuundia ufizi, akaipasha moto, akaunda mtu mdogo kuanzia kifuani kwenda juu, akamsimamisha kwenye tundu la sajini, mfuniko wazi nyuma ya mgongo wake. Akachovya mswaki kwenye udongo mwekundu wa viatu vya Kitinda. Akarusha kutoka mbele, chini, pale minyororo inapotupa tope. Mara moja, mara kumi, mara thelathini. Kisha akamng'oa yule mtu wa nta kwa kibano.

Nyuma yake, kwenye mfuniko, palibaki shingo na mabega.

Sajini hakuwa ndani. Alikuwa amesimama nje nusu mwili, barabara yote ile, tope likimchapa kifuani, akitazama mbele. Mtu anayekaa hivyo hamwamuru dereva apunguze mwendo kisha akapuuzwa kilomita nzima. Angeshatupa kofia, angeshampiga teke la bega, kama Kitinda alivyosimulia mara nyingi kwamba viongozi hufanya. Na ndiyo maana alinusurika. Hakufungua mfuniko wowote. Alirushwa.

Lakini hapo ndipo kisu kilipokuwa na makali kuwili. Ili kuonyesha mabega ya sajini, ni lazima aonyeshe wekundu. Na akionyesha wekundu, kwa kinywa chake yeye, dada wa damu, atakuwa amesema: ndugu yangu alikimbia.

Alimwambia Mama siku moja kabla ya baraza, jikoni, Mama akichambua mchele.

Mama hakuacha kuchambua. "Uliniambia hakukimbia."

"Nilikosea."

"Basi nyamaza. Si lazima uende. Waache na barua yao."

"Mama, sajini amedanganya. Alikuwa nje, alikuwa anaona kila kitu—"

"Na mwanangu je? Utawaambia nini kuhusu mwanangu?" Sasa mikono ilisimama. "Nilikupa viatu vyake. Nilikaa nikakuangalia unavichokoa. Nilikupa ili umtetee, si ili umkamatishe. Wewe ndiye dada yake, au wewe ni shahidi wao?"

"Mama..."

"Usiniite."

Alimwaga mchele wote, uliochambuliwa na usiochambuliwa, ndani ya sufuria moja, akaingia chumbani kwake, akafunga.

Asubuhi mlango huo ulikuwa bado umefungwa. Fundi Meno aliuambia, "Mama, naenda," akasubiri, hakusikia kitu, akaondoka na sanduku la viatu lililowekwa pamba, na picha za rangi za kumrudishia karani kabla ya kikao.

Chumba cha baraza kilikuwa kidogo kuliko alivyofikiri: meza yenye kitambaa cha kijani, feni isiyofanya kazi, viti vya plastiki. Mwenyekiti alikuwa kanali mzee mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Kushoto na kulia kwake maofisa wawili. Sajini alikaa pembeni, mkono umefungwa kwenye kitambaa cha shingoni, mtu mkubwa, mnene wa mabega. Mama wa mpiga mzinga alikaa kiti cha nyuma kabisa, peke yake.

Alipotoa kifaru sandukuni, ofisa mmoja alitabasamu. "Mama, umetuletea mwanasesere?"

"Nimewaletea tope, mheshimiwa."

Aliongea kwa dakika kumi. Alianza na lililo gumu zaidi, kwa sababu alijua akilichelewesha litamshinda. "Ndugu yangu aliendesha kwa kasi. Tope jekundu la barabarani limepanda mpaka juu. Hilo sibishi." Alisikia mtu nyuma akivuta pumzi. Hakugeuka. Kisha akawaonyesha mfuniko, akawaomba wafungue faili, picha ya tatu. Akamsimamisha mtu wa nta, akarusha tope mbele yao, kitambaa cha kijani kikachafuka, akamng'oa. Yule ofisa aliyetabasamu aliinuka kwenye kiti chake akaja karibu.

Mwenyekiti alitazama picha, akatazama kifaru, akatazama picha. "Sajini. Mfuniko ulikuwa umefungwa?"

"Ndiyo, afande."

"Na huu wekundu?"

"Sijui, afande. Mimi si fundi wa rangi."

 Mwenyekiti aligongagonga kalamu. Ilionekana kwamba mambo yataishia hapo, neno la mtu mzima dhidi ya mchezo wa plastiki, na Fundi Meno alianza kufunika kikopo chake cha tope: amemwanika ndugu yake mbele ya watu, na hakupata kitu.

Ndipo mama wa mpiga mzinga aliposimama. Haikuwa zamu yake. Hakuomba ruhusa.

"Baba," alimwambia sajini, na sauti yake haikuwa ile ya getini, ilikuwa ndogo. "Sitaki mambo ya mfuniko. Wewe ndiye mtu wa mwisho kumsikia mwanangu. Nakuomba tu uniambie alisema nini."

"Mama, kaa," ofisa alisema.

Hakukaa. Sajini alitazama sakafu. Alitazama ule mkono wake uliofungwa, kisha kile kifaru, pale palipokuwa na mabega yake.

"Alisema tupunguze," alisema.



"Alisema mara mbili. Kwa redio. 'Sajini, tupunguze, barabara inateleza.' Kulikuwa na kifaru kingine nyuma yetu, kinatukaribia. Sikutaka kitupite. Nikamwambia dereva akanyage." Aliushika mkono wake uliofungwa. "Dereva hakusema kitu. Alicheka, akakanyaga."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini, akamwambia karani aandike, aandike yote, neno kwa neno.

Barua ya pili ilikuja baada ya wiki tatu. Ilisema kwamba kifaru kilikwenda kwa kasi kwa amri ya kiongozi wake, kwamba dereva alitii, na kwamba sajini atashtakiwa. Fundi Meno aliisoma kwa sauti nje ya mlango wa chumba cha Mama, kwa sababu katika wiki hizo tatu Mama alikuwa anamjibu kwa "ndiyo" na "hapana" tu, na chakula alikila kile alichopika mwenyewe. Alipomaliza kusoma alisikia kitanda kikilia, nyayo, kisha kimya. Mlango haukufunguliwa.

Alikuwa bado amesimama pale aliposikia hodi ya getini. Alikuwa mama wa mpiga mzinga, na barua yake mkononi.

"Sikuja kusamehe," alisema alipokaribishwa ndani, kabla hata hajakaa. "Tusidanganyane. Mwanangu alisema punguzeni, na wa kwenu alicheka. Hilo silali nalo."

Fundi Meno aliinamisha kichwa. Hilo la kicheko hakuwa amemwambia Mama. Alikuwa amelimeza kila siku kwa wiki tatu, kila siku likapanda tena. Na sasa Mama alikuwa amesimama kwenye korido, kanga kiunoni, amelisikia.

"Alicheka?" Mama aliuliza.

"Ndivyo alivyosema sajini," mgeni akajibu.

Mama alishika ukuta. Alikuja polepole, akakaa kiti kilichomwelekea mwenzake, magoti yao yakakaribiana.

"Yule alikuwa anacheka akiogopa," alisema. "Toka mdogo. Daktari akitoa sindano, anacheka. Baba yake akivua mkanda, anacheka, anachapwa zaidi kwa sababu ya kucheka. Muulize dada yake."

 Fundi Meno akaitikia kwa kichwa.

 Mama wa mpiga mzinga aliikunja barua yake, akaikunja tena mpaka haikunjiki.

"Kile kifaru," alisema mwishowe. "Unacho bado?"

Alikileta kutoka chumbani, kwenye sanduku lake. Mgeni hakukigusa. Aliinama tu, macho karibu kabisa na tope, na Mama naye akainama, kwa sababu alikuwa hajawahi kukiona.

"Mwanangu alikaa wapi?"

"Hapa ndani," Fundi Meno alisema. Aliweka ncha ya ukucha wake juu ya paa, mbele kidogo ya tundu la sajini. "Alikaa hapa chini, mbele ya magoti ya sajini. Upande huu kuna dirisha dogo la kioo, anaangalia nje."

"Na wa kwenu?"

"Hapa mbele. Chini zaidi," alisema, akiweka ukucha wa mkono mwingine.

Yule mama alipima kwa macho. Kutoka ukucha mmoja mpaka mwingine haikuzidi upana wa vidole viwili.

"Walikuwa wanaonana?" aliuliza.

"Hapana," Fundi Meno alisema. "Wanasikiana tu."

Mama aliinuka kwenda jikoni. Walimsikia akiwasha jiko, akifungua kabati, akitoa vikombe, na kwa mlio wa vikombe Fundi Meno alijua ametoa vitatu.